Dinosau mwenye manyoya ni mnyama gani?

Usimfikirie kiumbe aliyekuwa nusu dinosau, nusu ndege. Dinosau mwenye manyoya ni dinosau kamili, mara nyingi mwindaji wa miguu miwili, aliyeota manyoya mwilini. Ndege walizaliwa katika ukoo huohuo, na ndiyo maana wanasayansi huwahesabu kuwa dinosau waliosalia hadi leo.

Kisukuku (mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa kwenye mwamba) kilichofungua macho ya wengi kilikuwa cha dinosau Sinosauropteryx, kilitoka Liaoning, China, na kutangazwa mwaka 1996. Mnyama huyo alikuwa mdogo, mwenye mikono mifupi isiyoweza kumrusha popote, na manyoya yake yalikuwa nyuzi laini tu, mfano wa vinyoya vya kifaranga. Sasa yalimfaa nini? Huenda yalimkinga na baridi. Huenda pia yalikuwa pambo, kwani mwaka 2010 watafiti walichunguza mabaki ya chembe za rangi wakatambua kwamba mkia wake ulikuwa na milia ya hudhurungi na nyeupe. (Kwangu mimi hilo ni la ajabu kuliko yote: kuijua rangi ya mnyama aliyekufa zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita!) Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. Unyoya haukuanza kwa ajili ya kuruka. Ulitangulia bawa, ukiwa na kazi nyingine. Hata dinosau Yutyrannus, jitu la mita 9 hivi lililozidi tani moja, alikuwa na manyoya.

Mabawa yalikuja baadaye, na si kwa sura moja. Microraptor alikuwa na manyoya marefu mikononi na miguuni, kama mwenye mabawa manne. Yi qi, aliyetangazwa mwaka 2015, alikuwa na bawa la ngozi linalomkumbusha mtu popo.

Mwaka 2023 akaongezeka Fujianvenator kutoka mkoa wa Fujian, China, ndugu wa karibu wa ndege, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Manyoya yake hayakuhifadhiwa kwenye mwamba. Kilichowashangaza watafiti ni miguu. Mfupa wa muundi una urefu maradufu ya ule wa paja. Zama hizohizo, Archaeopteryx wa Ujerumani alikuwa tayari na mabawa ya manyoya, lakini Fujianvenator ama alikuwa mkimbiaji wa mbio, ama alitembea kwenye maji ya kinamasi kama korongo.