Karama za Roho na zawadi inayodumu ya Krismasi

Kila mkesha wa Krismasi ombi ni lile lile: Bwana atujalie "karama za kudumu". Wengine humaanisha unabii na uponyaji, wengine sauti ya kuimba, na siku hizi wapo wanaomaanisha kiwanja na gari. La kiwanja naliacha, maana msomaji yeyote wa Biblia analijua jibu lake. Linalonisumbua ni lile la karama zenyewe, kwa sababu linasikika sahihi na linasemwa na watu wanaompenda Mungu kweli.

Karama ni uwezo ambao Roho Mtakatifu humpa mtu kwa faida ya wengine. Orodha iko 1 Wakorintho 12: neno la hekima, neno la maarifa, kuponya, miujiza, unabii, lugha na tafsiri zake, na nyinginezo. Hutolewa, asema Paulo, "kwa kufaidiana".

Je, zinadumu? Fungua sura inayofuata. Paulo huyo huyo anazitaja kwa majina na kuziwekea mwisho: unabii utabatilika, lugha zitakoma, maarifa yatabatilika. Kisha, mstari wa 13: "Basi, sasa inadumu imani, tumaini, upendo, haya matatu." Na angalia alikuwa anawaandikia akina nani. Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote. Amewaambia hivyo tangu sura ya kwanza. Lakini ni wao hao waliogawanyika makundi, wakashtakiana mahakamani, na wakikusanyika kwa chakula cha Bwana huyu ana njaa na yule amelewa. Karama walikuwa nazo zote. Walichopungukiwa ni upendo, yaani kile kinachodumu.

Najua mtu atanionyesha Warumi 6:23, "karama ya Mungu ni uzima wa milele". Ni kweli kabisa, ila pale Paulo hazungumzii uwezo wa kuhudumu. Anazungumzia uzima ambao kila aaminiye hupewa katika Kristo, awe na sauti ya kuongoza kwaya au asiwe nayo. Na hiyo ndiyo zawadi ya Krismasi: "tumepewa mtoto mwanamume", alisema Isaya. Wachungaji wa kondeni hawakutoka Bethlehemu na unabii wala uponyaji. Walimwona mtoto horini, wakarudi wakimtukuza Mungu. Mariamu naye, Luka anasema, "akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake". Kuitunza zawadi inayodumu huanzia hapo, katika kuliweka neno moyoni na kulirudia, hata wageni wakishaondoka na vyombo vikishaoshwa.

Kalenda ya kanisa inalisema jambo hili kwa namna ambayo wengi wetu huipita tukiwa bado tumeshiba pilau. Tarehe 26 Desemba, siku tunayoiita Boksingi Dei, ni siku ya Stefano shahidi. Mtu huyu alikuwa na karama: Matendo 6 inasema alifanya maajabu na ishara kubwa katika watu. Lakini walipomtoa nje ya mji na kumpiga mawe, hatusomi kwamba alitenda ishara yoyote ya kujiokoa. Alipiga magoti akalia kwa sauti kuu, "Bwana, usiwahesabie dhambi hii." Maajabu yake hayakusimuliwa hata moja kwa undani. Msamaha wake uliandikwa neno kwa neno, na kijana Sauli, aliyekuwa akilinda nguo za wapiga mawe, alikuwepo pale. Ndiye Paulo aliyekuja kuandika kwamba upendo ndio mkuu.

Kwa hiyo ndugu utakayepewa kipaza sauti mkesha huu, tuombee karama. Tunazihitaji, na Paulo mwenyewe ametuhimiza tuzitake. Ila unapofika kwenye neno "kudumu", tuombee imani, tumaini na upendo.