Tanzia-ramsa si kumcheka marehemu

Nimelisikia mara nyingi mno hapa Kampala. Watu wametoka kutazama mchezo wa kijana anayejiua kwa sababu ya mapenzi, ukumbi umecheka usiku kucha, na mlangoni mmoja anasema, "Vichekesho vizuri sana," mwingine anamjibu, "Aibu tupu, mnamcheka marehemu." Wanabishana, ila wote wawili wameuchukulia mchezo ule kuwa futuhi. Ni tanzia-ramsa.

Tanzia-ramsa ni mchezo ambao tukio lilelile moja huleta kicheko na simanzi kwa pamoja. Futuhi hutaka tucheke twende zetu. Tanzia humfikisha mhusika kwenye maangamizi yake. Kwa kuwa tanzia wengi tunaijua kama tangazo la msiba, na ramsa ni shamrashamra, watu hudhani ukiuchukua msiba ukaunyunyizia mizaha umepata tanzia-ramsa. Sivyo. Mizaha ya kunyunyizia huondoleka na mchezo ukabaki ulivyo. Humu ukikiondoa kicheko, na huzuni inakwenda nacho.

Jina la namna hii lilianzia Roma, kwa mtunzi wa michezo Plautus, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Katika utangulizi wa mchezo wake Amphitruo, mungu Mercurius anawaambia watazamaji kwamba, kwa kuwa wafalme na miungu watapanda jukwaani pamoja na mtumwa, ataufanya mchanganyiko wa tanzia na futuhi. Alichokuwa akikichanganya ni vyeo. Habari ya kicheko na machozi kutoka chemchemi moja ilikuja baadaye sana.

Aliyeifikisha mbali ni Anton Chekhov, daktari Mrusi. Mchezo wake Shakwe aliuita futuhi yeye mwenyewe, ingawa Konstantin, aliyeachwa na mpenzi wake Nina, anajiua mwishoni. Kabla ya hapo ameshajaribu mara moja. Mama yake anambadilishia bendeji kichwani, anamsihi asirudie tena, mwana anaubusu mkono wa mama. Dakika chache tu, wanatukanana: mwana anamwita mama bahili, mama anamwita mwana mvaa matambara. Kisha wote wawili wanalia. Unacheka kwa sababu ugomvi wenyewe unaujua, wa nyumba yoyote ile. Na katika kicheko hichohicho unaona kwamba mtu wa pekee aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza kijana huyu ameshughulika na kujitetea.

Mwaka 1896 mchezo huo ulipofunguliwa St. Petersburg, usiku ule ulikuwa wa kumuenzi mwigizaji maarufu wa vichekesho. Watu walikuja wamejiandaa kwa futuhi. Walicheka pasipostahili, wakazomea. Moscow, mwaka 1898, mchezo uleule ulishangiliwa. Kwa hiyo neno linaloandikwa kwenye bango si jambo dogo.

Swali la kujiuliza ni hili: anachekwa nani? Kwetu Waswahili kuna watani, ambao msibani wana ruhusa ya kuiga mwendo wa marehemu hata wafiwa wakacheka. Mtani humcheka marehemu mwenyewe, kwa haki ya utani, na wenye msiba wanalijua hilo. Tanzia-ramsa haina haki hiyo wala haiiombi. Inawacheka waliomzunguka: mama anayejitetea, jirani anayeleta mawaidha bila kuketi, rafiki anayesema "utapata mwingine" huku macho yako kwenye simu.

Nalishikilia hili kwa sababu hapa Uganda sheria ya adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha. Aliyewahi kufikia hapo anaweza kuwa ameketi safu ya tatu. Mchezo ukimcheka yeye, umemuumiza. Ukitucheka sisi tuliokuwa naye mezani bila kumuuliza lolote, huenda ndiyo mara yake ya kwanza kusikia mambo yake yakisemwa hadharani.

Basi, ndugu yangu uliyekasirika mlangoni, hasira yako naiheshimu, na iko michezo inayoistahili. Ila kabla ya kuhukumu ule wa juzi, kumbuka ni mstari gani uliouchekesha ukumbi, na ni nani aliyeutamka.