Siri ya biashara haipigwi muhuri

Mama mmoja alifika dirishani petu, ofisi ya usajili, akiwa na daftari ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Anatengeneza achari ya embe, anaiuza kuanzia Busia hadi Jinja. Kijana aliyekuwa akimsaidia jikoni ameondoka, naye sasa anauza yake, ladha ileile. Kabla sijamwuliza lolote mama akafungua daftari, akaanza kunisomea vipimo: vijiko vya haradali, siku za kuanika embe, mafuta yapate moto kiasi gani. Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza kabisa, inasikiliza. Nikamwambia, "Mama, funga daftari kwanza." Akadhani namfukuza.

Alitaka tumpigie muhuri ili siri iwe yake. Nasema kwa heshima, ingawa kulirudia jambo hili kumeanza kunichosha: nchini Uganda siri ya biashara haisajiliwi. Hakuna fomu yake, hakuna ada yake, na anayekuuzia cheti cha siri huko mitaani anakula hela yako. Ofisi ya usajili, URSB, inashughulikia alama za biashara, hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, yaani patent), miundo ya viwandani na hakimiliki. Hivyo vinaandikwa kwenye rejista ambayo watu wanaruhusiwa kuipekua. Mwenye hataza analindwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha ombi, lakini lazima aeleze uvumbuzi wake mpaka fundi wa kazi hiyo aweze kuutengeneza kwa kusoma tu. Siri ni kinyume chake. Hudumu hata miaka mia, mradi haijatoka.

Ulinzi wa kisheria upo. Tuna sheria maalumu ya kulinda siri za biashara tangu mwaka 2009, na Uganda, kama mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, imo katika mkataba wa TRIPS, ule wa shirika hilo kuhusu haki za ubunifu, ambao ibara yake ya 39 inataja masharti matatu. Jambo lenyewe liwe halijulikani kwa watu wa kazi hiyo. Liwe na thamani kwa sababu halijulikani. Na mwenyewe awe amechukua hatua za busara kulificha. Mawili ya kwanza watu huyathibitisha vizuri tu. Wanaanguka kwenye la tatu, kwa sababu hatua za busara hazikuwapo: karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani, kila anayekuja kuomba kibarua anaonyeshwa, kisha tunaambiwa siri imeibwa.

Tazameni wanaokausha vanila Mukono. Kwamba vanila huchovywa kwenye maji ya moto, hufunikwa kwa blanketi itoe jasho, kisha hukaushwa kwa wiki nyingi, hiyo si siri ya mtu. Iko vitabuni. Lakini kama umehangaika misimu mitano ukagundua joto gani, dakika ngapi na usiku ngapi ndani ya blanketi vinakupa harufu ambayo mnunuzi analipia zaidi, hapo unacho kitu. Sasa kilinde. Anayechovya si lazima ajue za blanketi, na wa blanketi si lazima ajue za maji. Daftari likae chini ya kufuli, na ijulikane nani ana ufunguo. Wafanyakazi watie saini hati ya usiri siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kugombana. Sheria yetu ya mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo tunazungumzia kinachozidi shilingi 500,000. Hata kilicho chini ya hapo, andika. "Tulielewana kwa mdomo" ni sentensi inayowapa mawakili wa upande wa pili usingizi mzuri.

Siri ikishatoboka, kimbia kortini mapema. Unapeleka kesi yako, na pamoja nayo maombi ya zuio la muda (amri ya kumzuia mtu asiitumie siri hadi kesi iishe) yenye hati ya kiapo. Jaji ataangalia mambo matatu: kama kesi yako ina msingi na dalili ya kushinda, kama utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na akibaki na shaka, atapima nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Ukikaa miezi minane ukiangalia tu, la pili litakushinda, maana kama ungekuwa unaungua ungepiga kelele. Mwishoni korti inaweza kuamuru zuio la kudumu, fidia, au mshitakiwa atoe hesabu ya faida aliyoipata kwa siri yako. Usiimwage siri yenyewe kwenye kiapo. Ieleze kwa jumla, na wakili wako aombe sehemu hiyo isikilizwe faragha. Aliyeingia kwenye kompyuta yako bila ruhusa ni suala jingine, la polisi: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta inaruhusu kifungo hadi miaka 10.

Yapo malalamiko ambayo hatuna la kuyafanya. Mtu akinunua chupa yako dukani, akaionja, akaipeleka maabara, akagundua mwenyewe kilichomo, hajaiba. Na mpishi wa rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, aliyejifunza kwako kukunja chapati haraka anaondoka na mikono yake; mikono hiyo si mali yako, hata kama ulimfundisha. Waajiri wengine hutaka kumfunga mtu asifanye kazi ya aina hiyo popote Uganda maisha yake yote. Korti huona hiyo ni kumnyima riziki.

Wengine wanaogopa Shirika la Viwango, UNBS, kwa sababu lebo inadai viungo vyote. Lebo inataka majina ya viungo, kilicho kingi kitangulie. Gramu hazitakiwi, wala siku za kuanika.

Yule mama tulimshauri amwone wakili kuhusu kijana, na asajili jina la achari kama alama ya biashara, maana kijana hata rangi ya kifuniko ameiiga. Alama inadumu miaka 7 ya kwanza, halafu inahuishwa kila miaka 10. Andikeni tarehe hiyo mahali, msisubiri kukumbushwa.