Mkutano Mkuu wa Kijiji: Mamlaka ya Kutawala Unayo Tayari

Malalamiko ya ardhi yanaongezeka mezani kwetu, na karibu kila mlalamikaji anamalizia hivi: "Wanasiasa wametuuza. Wananchi tungetawala wenyewe, haya yasingetokea." Uchungu huo tunauelewa. Lakini ndugu mwananchi, kijijini unatawala mwenyewe, na sheria ya Tanzania inayosema hivyo ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu. Si mkutano wa chama, tumelisema hili mara nyingi mno. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye mamlaka ya kuwaondoa.

Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, kifungu cha 8, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Maombi yajadiliwe na halmashauri ya kijiji, yapelekwe mkutano mkuu, wananchi waamue, muhtasari uandikwe, orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatishwe. Na ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, wa kukubali au kukataa ni mkutano huohuo. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kupokea mapendekezo yenu.

Niliwahi kupokea muhtasari wenye majina zaidi ya sabini. Sahihi zote za kalamu moja, mwandiko mmoja, kila herufi M ina mkia uleule. Tulipofika kijijini, waliotajwa wakasema siku hiyo walikuwa shambani. Kughushi ni jinai, kifungo chake kinafika miaka 7, na hatulifumbii macho. Ila mikutano mitatu ya nyuma kijijini hapo ilikuwa imeahirishwa kwa kukosa akidi, yaani wahudhuriaji hawakutosha. Mahali pasipo na watu, mtu mmoja huandika majina ya wote.

Kijiji kingine, chini ya mwembe, mwenyekiti alisoma taarifa ya ujenzi wa darasa: mifuko 60 ya saruji. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akasimama. "Mimi nakaa ng'ambo ya barabara. Siku inashushwa nilihesabu, ilikuwa 40." Daftari la stoo likaletwa, likafunguliwa mbele ya wote. Mkaguzi mwenye shahada asingeuliza swali lile, kwa sababu hakai ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana naamini kwamba kwa mambo yaliyo mbele ya macho yake, mwananchi wa kawaida anatawala vizuri kuliko mwanasiasa yeyote. Bajeti ya taifa na mikataba ya nje vinahitaji wawakilishi. Saruji ya darasa haihitaji.

Mkutano unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Usipoitishwa, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Malalamiko ya mdomo hatuwezi kuyafungulia jalada. Na msisubiri posho, haipo.

Muhtasari wa kikao kilichopita husomwa mwanzoni. Fika kabla haujasomwa, maana hapo ndipo unapoweza kusimama ukasema: hilo hatukuliamua.