Huduma pepe ni nini, na kwa nini huanza kwa kurekodi miamala ya meinifremu

Huduma pepe ni programu inayojibu kama mfumo fulani unavyojibu, ilhali mfumo wenyewe haupo. Anayejaribu programu ya benki hutuma ombi la salio na kurudishiwa salio, na programu yake haina namna ya kujua kwamba upande wa pili hakuna benki. Jibu hilo lilirekodiwa siku mfumo halisi ulipoulizwa jambo kama hilo.

Shida inayoitibu ni kubwa zaidi kwenye meinifremu, yaani kompyuta kubwa za kuendesha miamala mingi kwa pamoja. Ukoo wa mashine hizi unaanzia System/360 ya IBM, iliyotangazwa Aprili 1964, na hadi leo benki na kampuni nyingi kubwa za bima za Marekani na Ulaya zinazitegemea. Miamala hupokelewa na programu za IBM za kuendesha miamala: CICS, iliyo sokoni tangu 1969, au IMS, ambayo awali iliundwa kufuatilia vipuri vya roketi za mradi wa Apollo. Matumizi ya mashine ni ghali, kwa hiyo mazingira ya majaribio huwa machache na timu hupangiana zamu. Tena data huchakaa: ukishatoa fedha kwenye akaunti ya majaribio, salio si lile tena, na jaribio lililofaulu asubuhi linafeli mchana bila mtu kugusa programu.

Namna ya kurekodi hutegemea njia ambayo miamala hupitia. Ikipita kwenye foleni za MQ, programu ya IBM ya kupitisha ujumbe, huwekwa foleni za kati zinazonakili ombi likienda na jibu likirudi. Ikipita kwenye mtandao wa kawaida, proksi, yaani programu inayokaa katikati na kupitisha ujumbe, hutosha. Programu moja ya CICS ikiiita nyingine kwa amri ya LINK ndani ya mashine ileile, hakuna waya wa kutegea. Lazima kijiprogramu kiingizwe ndani ya CICS, kwenye nafasi ambazo IBM iliziacha kwa kazi hiyo. Hapo utahitaji ridhaa ya wasimamizi wa mfumo. Hawa hawaruhusu kitu kigeni kwenye mashine yao kwa kuombwa mara moja, na mimi siwalaumu.

Kinachonaswa ni baiti tupu. Herufi ziko katika EBCDIC, mfumo wa IBM wa kuwakilisha herufi kwa nambari, ambamo tarakimu 1 huandikwa F1 (kwa heksadesimali) badala ya 31 iliyozoeleka kwenye kompyuta nyingine. Kiasi cha fedha mara nyingi hufungashwa tarakimu mbili katika kila baiti: 1,500.75 kwenye uga (nafasi ya taarifa moja) wa tarakimu tisa huonekana 00 01 50 07 5C. Hiyo C ya mwisho ni alama ya chanya. Nukta ya desimali haipo popote. Inajulikana kwenye kopibuku tu, yaani faili la lugha ya programu ya COBOL linaloeleza kila uga unaanzia wapi na una urefu gani. Bila kopibuku, rekodi yako ni takataka. Ukiwa na kopibuku ya zamani ni hatari zaidi, maana nyuga husogea kidogo na nambari bado zinasomeka, ila si zenyewe.

Baada ya hapo ndipo kazi hasa inapoanza: kuamua ni baiti zipi za ombi zenye uzito. Nambari ya akaunti lazima ilingane na iliyorekodiwa. Saa ya kutuma ipuuzwe. Nambari ya kumbukumbu ichukuliwe kwenye ombi jipya na kubandikwa kwenye jibu, la sivyo programu iliyouliza italikataa kwa kuwa si lake. Tarehe nazo zisogezwe, kwani mkopo uliorekodiwa Machi, jibu likichezwa Agosti, utaonekana umeshapitiliza muda. Kisha kuna mfuatano: uliza salio, toa 20,000, uliza salio tena. Maombi mawili ya salio yanafanana, lakini majibu lazima yatofautiane, kwa hiyo mazungumzo hayo hurekodiwa kwa mpangilio wake.

Taarifa za wateja hufichwa kabla rekodi haijahifadhiwa, na kila akaunti hupewa nambari bandia ileile kila inapotokea. Vinginevyo ulinganishaji wote unavunjika.

Huduma pepe ni kasuku. Inajua yaliyotokea wakati wa kurekodi tu, na makosa adimu kama programu ya CICS kuanguka kwa msimbo wa ASRA (alama ya hitilafu ndani ya programu) aghalabu hayamo. Hayo huongezwa kwa mkono, pamoja na ucheleweshaji wa makusudi wa sekunde kadhaa, kitu ambacho ni vigumu kukiagiza kwenye mashine halisi. Kopibuku ikibadilika, rekodi zinazoihusu hufanywa upya, na kabla ya toleo kutoka jaribio la mwisho hufanyika kwenye meinifremu yenyewe.