Umekoma hedhi, kisha umeona damu: maswali ya kina mama wa Moshi

Kina mama wengi hapa Moshi hufika kliniki damu ikiwa imeshawatoka miezi. Nikiuliza kwa nini hawakuja mapema, jibu ni lile lile: "Nilijua hedhi imerudi." Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, na majibu ninayowapa.

Kukoma hedhi ni nini hasa?

Ni kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, bila ujauzito, kunyonyesha wala njia ya uzazi wa mpango iliyozuia damu. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Ukikoma kabla ya 40, njoo upimwe.

Nina miaka 47. Mwezi huu naona, unaofuata sioni. Ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Mayai yamepungua, mwezi mmoja yai linapevuka na mwingine halipevuki, hivyo tarehe zinaruka. Mpito huu huchukua miaka kadhaa. Joto linakupanda ghafla mpaka unavua sweta asubuhi ya Julai, wenzako wamejikunyata kwa baridi. Usingizi unakata, uke unakuwa mkavu. Usivumilie kimya, dalili hizi zina msaada.

Ila pima mimba kwanza. Bado unaweza kushika mimba katika mpito huu, na wapo wanaojihesabu wamekoma kumbe mtoto anacheza tumboni.

Si kawaida damu kuwa nyingi umri huu?

Tarehe kuyumba ni kawaida. Pedi kujaa kila saa, mabonge, damu kupita siku 7, kurudi kabla ya siku 21, au kutoka baada ya tendo la ndoa, hapana. Pale soko la Mbuyuni utamkuta mama amejifunga kanga mbili, anauza ndizi, akipanda kilima kidogo anahema, viganja vimepauka. Anakunywa juisi ya rosela ili aongeze damu. Juisi haizibi panapovuja. Pengine ana uvimbe kwenye kizazi, na uvimbe una matibabu.

Nilikoma miaka mitatu iliyopita. Juzi nimeona damu. Hedhi imerudi?

Hapana. Ukishamaliza mwaka mzima bila damu, damu yoyote inayokuja baadaye usiihesabu kuwa hedhi. Ina chanzo kingine, na lazima kitafutwe. Inaweza kuwa ngozi ya uke iliyokonda na kukauka, au kijinyama kilichoota kwenye kizazi. Inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya ukuta wa ndani wa kizazi. Wengi wakichunguzwa hawakutwi na saratani. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama nguo ya ndani, si wewe, si mimi.

Lilikuwa tone tu, tena halikuuma.

Njoo. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mwanzoni haiumi. Maumivu ya kiuno, harufu na mguu kuvimba huja ugonjwa ukishaenea. Ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuimaliza. Ikichelewa, tunaongelea mionzi, na pengine kukaa mbali na nyumbani kwa wiki nyingi. Tone la kahawia, njoo. La pinki, njoo. Limetoka mara moja likakata, njoo.

Wenzangu wa kikoba wanasema kizazi kimerudi ujana.

Wanakupenda, lakini wanakuchelewesha. Kizazi hakirudi ujana. Naomba hata usimpongeze mwenzako kwa hilo, msindikize hospitali.

Nianze na dawa ya kusafisha kizazi?

Usianze nayo, na usimalizie nayo. Kizazi hakisafishwi kwa mizizi, kwa kujifukiza, wala kwa vile vidonge vya kuingiza ukeni vinavyouzwa stendi na kwenye simu. Vinaunguza ngozi ambayo tayari imekonda. Nawaona wanaokuja baada ya chupa ya tatu, pesa zimekwisha na ugonjwa umesonga mbele. Inaniumiza kila mara, kwa sababu nauli ya daladala ingetosha kumfikisha hapa mwezi wa kwanza.

Nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki, nikaambiwa mzima.

Vizuri, lakini bado uje. Kipimo cha siki ni cha mwanamke asiye na dalili, na hakioni ndani ya kizazi. Ukishakoma hedhi, hata lile eneo la mlango linalotazamwa hurudi ndani. Ukitoka damu unahitaji kuangaliwa ukeni na mlango wa kizazi, ultrasaundi, na pengine kuchukuliwa sampuli ya ukuta wa kizazi ipelekwe maabara.

Nianzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya cha karibu. Usiseme "tumbo linanisumbua", utapewa dawa za tumbo. Sema: "Nilikoma hedhi, sasa natoka damu." Ukipewa vidonge vya UTI bila kuangaliwa, omba rufaa: hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha. Nenda na tarehe ya hedhi yako ya mwisho na dawa zote unazotumia. Na usingoje damu ikatike ndipo uende kwa sababu ya aibu. Vaa pedi, uende hivyo hivyo.