Anapepesa macho makusudi?

Mtoto akipepesapepesa macho au kurusha bega, wengi huamini anafanya makusudi, kwa kuwa akikemewa huacha. Kweli huacha, ila kwa muda mfupi, kama mtu anayezuia chafya. Hiyo ni tiki, yaani mtikisiko wa ghafla unaojirudia bila kukusudia, na kwa kawaida huanza utotoni.

Tiki si sawa na maradhi ya wasiwasi, yale ya kurudia udhu au kukagua kitasa mara saba. Tiki mara nyingi hutanguliwa na mkereketo mwilini, wasiwasi husukumwa na wazo: “Je, kama sikufunga?” Mpaka kati ya hizo mbili hauko wazi sana, maana hali zote mbili mara nyingi humpata mtu mmoja, au ndugu wa damu.

Muulize mtoto kwa upole (si mbele ya wageni) anahisi nini kabla. Andika unayoyaona kwa wiki kadhaa, umwoneshe daktari.